Kapita Atayarishwe Kwanza

Ndugu mfanyakazi,

Umesikia kwamba timu zitaacha mpango wa mwezi mzima. Zitapanga kazi ya wiki moja moja, na kila asubuhi mtasimama dakika 15 kuulizana: jana tulifanya nini, leo tufanye nini, nini kinatuzuia? Msingi wa njia hiyo uliandikwa mwaka 2001 huko Utah, Marekani, na watu 17 wa programu za kompyuta. Mimi naikubali. Mpango wa mwezi haujui mvua ya kesho. Tarehe 11 Septemba 2020, kule Kamituga, mvua kubwa ilijaza mashimo ya dhahabu maji na makumi ya wachimbaji wakafa.

Lakini sikia yanayosemwa katika dispensari. Mtu analetwa, mguu umevunjika. Ninapomfunga ananiambia, "Munganga, ule ufa niliuona tangu jana." Mbona hukusema? "Kapita angenifokea."

Mtu huyo ukimsimamisha mkutanoni kila asubuhi, atasema nini? Atasema kazi inaendelea vizuri.

Kwa hiyo, kabla ya kutundika ubao mpya, tumtayarishe kapita. Aulize kwanza kijana aliyeingia kazini juzi, yeye mwenyewe aseme mwisho. Anayepaza sauti "simameni!" asikatwe siku yake, hata akiwa amekosea. Wavuvi wetu wa Baraka wanalijua hili: upepo wa ziwa ukigeuka, hakuna anayemnyamazisha mdogo wa mtumbwi.

Kapita, ukiona nakuonea, njoo dispensari tusemezane.