Kabla vuli haijakolea, wapeleke watoto ziwani

Ukiishi Shinyanga, Kahama au Geita huhitaji kalenda kujua kwamba kiangazi kinaelekea ukingoni. Vumbi limeshafika hadi kwenye sahani. Mibuyu imesimama mitupu, ng'ombe wanatembezwa mbali kutafuta maji, na wazee wameanza kutazama juu kila alasiri, wakihesabu mawingu yanayokuja na kuondoka bila kutoa kitu. Mvua za vuli, ambazo kwa Kanda ya Ziwa huwa kati ya Oktoba na Desemba, ziko njiani.

Wenzetu wa Ulaya kipindi hiki hiki wanaaga joto na kuingia kwenye baridi. Majani ya miti yao hugeuka mekundu na ya njano, kisha hudondoka. Kwetu ni kinyume chake. Pita barabara ya Kahama kwenda Ushirombo na Runzewe mwishoni mwa Septemba, utaona miombo imevaa majani mekundu na ya rangi ya shaba, na mvua haijanyesha hata tone. Yale si majani yanayokufa, ni yanayozaliwa. Miti ya miombo huchipua wiki kadhaa kabla ya mvua kwa kutumia maji iliyoyaweka akiba, na majani yake machanga huwa mekundu kabla hayajageuka kijani.

Ndiyo maana wiki hii naomba tuzungumze jambo ambalo familia nyingi za huku hulichukulia kama anasa ya wageni: kupumzika ziwani.

Mpendwa msomaji, ziwa tunalo. Ziwa Victoria lina ukubwa wa zaidi ya kilomita za mraba 68,000, na karibu nusu yake iko Tanzania. Wakazi wa Shinyanga na Kahama wanalinywa kila siku, kwani tangu mwaka 2009 maji yake yanavutwa kutoka Ihelele wilayani Misungwi, yanasafishwa na kusukumwa hadi kwenye mabomba yao. Hata hivyo, wapo watoto wa Shinyanga mjini waliomaliza darasa la saba wakiwa wameliona ziwa hilo kwenye ndoo tu.

Kwa wa Geita hali ni tofauti kidogo. Ziwa liko karibu, ila ni mahali pa kazi. Baba anaingia duarani au kwenye zamu ya mgodi, mama yuko sokoni na dagaa, na Jumapili ni siku ya kufua. Hata neno "mwalo" kwetu lina kazi mbili: ni pale samaki wanaposhushwa, na ni pale mawe ya dhahabu yanaposagwa na kuoshwa. Kote kuwili watu wanatafuta riziki. Hakuna aliyekaa.

Kukaa nako ni afya. Familia ambayo baba analala mchana na mama anarudi usiku inahitaji siku moja ambayo wote wanatazama kitu kimoja bila simu. Na anayeshinda kwenye vumbi la mawe anahitaji kupumzisha kifua, ingawa niseme mapema kwamba upepo wa ziwa si dawa: mchimbaji anayekohoa wiki mbili au zaidi aende kituo cha afya kupima kifua kikuu kwanza, safari baadaye.

Basi twende wapi? Wenye nafasi wanaweza kufika Hifadhi ya Taifa ya Kisiwa cha Rubondo, iliyoanzishwa mwaka 1977, ambako kuna mabanda ya wageni ndani ya msitu. Huko wapo nzohe, viboko, tembo na sokwe ambao wazazi wao waliletwa kati ya mwaka 1966 na 1969 kutoka Ulaya, wengine wakiwa wamelelewa kwenye bustani za wanyama, wakajifunza upya kuishi porini. Wengine tunatosheka na vyumba vya kawaida vya pembeni mwa ziwa Chato, au siku moja tu Nkome au upande wa Nungwe, na chakula kwenye hotpoti. Wanaotokea Shinyanga kwa njia ya Mwanza sasa hawasubiri feri, kwa kuwa Daraja la J.P. Magufuli la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilomita tatu, lilifunguliwa Juni 2025.

Beba vyakula vya msimu. Kiangazi ni wakati wa michembe na matobolwa, na sijaona kifungua kinywa kinachoshinda matobolwa yaliyopikwa na karanga, ukila huku unatazama maji. Mchana tafuta sato mbichi kutoka kwa wavuvi wenyewe, mpike aive vizuri hadi ndani. Mtaumaliza mlo huo kwa bei nafuu kuliko chipsi kuku wa mjini.

Kisha wape watoto kazi ya kutazama. Furukombe, yule tai mwenye kichwa cheupe, hukaa juu ya mti mkavu na kulia kabla hajashuka kuchukua samaki. Mdiria huning'inia hewani akipiga mabawa kama anayesita, kisha hujitupa majini. Kuanzia Oktoba utawaona mbayuwayu wengi wakikatiza juu ya mafunjo. Wengi wao ni wageni waliokimbia baridi ya Ulaya na Asia. Waambie watoto kwamba ndege mwenye uzito mdogo kuliko betri ya tochi amevuka jangwa la Sahara kuja kula wadudu wetu, halafu uone kama wataomba simu.

Usiku nao una mambo yake, ila chagua tarehe. Wavuvi wa dagaa hufanya kazi siku za giza, kwa sababu dagaa hufuata mwanga wa taa. Mbalamwezi ikiwa kubwa, wengi hupumzika. Kwa hiyo ukienda wakati mwezi haupo utaona taa za mitumbwi zimejipanga mbali kama mji uliozuka majini. Ukienda mwezi mpevu utapata ziwa jeupe na kimya. Vyote ni vizuri, mradi ujue unaenda kuona nini.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo lisingeniruhusu kuandika haya yote na kuishia hapo.

Septemba hii nilikaa siku mbili upande wa Chato na dada yangu na wanawe. Asubuhi ya pili, jua likiwa limepanda, mtoto wake wa miaka minane aliwaona wenzake wa pale wakirukaruka majini karibu na matete. Akaniuliza, "Mama mdogo, mbona wao wanaoga na sisi tumekatazwa?"

Swali lake ni la haki, na jibu lake ni kichocho.

Ugonjwa huu tumeuzoea mno kwa jina kiasi kwamba hatuuogopi tena. Tanzania ni ya pili barani Afrika, baada ya Nigeria, kwa wingi wa watu wenye kichocho, na Kanda ya Ziwa imebeba sehemu kubwa ya mzigo huo. Mzunguko wake ni rahisi kuueleza hata kwa mtoto. Mtu mwenye minyoo ya kichocho akijisaidia haja kubwa au ndogo majini au kando yake, mayai huingia majini na kuanguliwa. Vijidudu vinavyotoka humwingia konokono mdogo, huongezeka ndani yake, kisha hutoka tena kwa maelfu na kuogelea vikitafuta ngozi ya mtu. Havihitaji kidonda wala mdomo. Dakika chache za kusimama majini zinatosha.

Kuna kichocho cha aina mbili huku kwetu. Kandokando ya ziwa kimetawala kile cha tumbo. Huja polepole: tumbo kuuma, kuhara, wakati mwingine damu kwenye choo. Kikiachwa miaka mingi ini na bandama huvimba, na mgonjwa anaweza kuanza kutapika damu. Ndani zaidi, kwenye malambo, madimbwi na mashamba ya mpunga ya Shinyanga, kipo kile cha mkojo. Hiki ndicho kinachomfanya kijana akojoe damu na wenzake wamwambie kwamba amekua. Hajakua, anaumwa. Kwa wasichana na wanawake kinaweza kuleta vidonda kwenye via vya uzazi, maumivu wakati wa tendo la ndoa na ugumba, na tafiti zimekihusisha na hatari kubwa zaidi ya kuambukizwa VVU. Wapo wanaotibiwa magonjwa ya zinaa mara tatu nne bila mtu kuwauliza kama wamekua wakilima mpunga.

Je, hii ina maana tusiende ziwani? La. Ina maana twende tukijua.

Kwanza, furahia ziwa ukiwa nchi kavu au ndani ya chombo. Mtoto anaweza kucheza kwenye mchanga mkavu, kuvua kwa ndoano akiwa juu ya jiwe, kuhesabu ndege. Maji ya kina kifupi yenye matete na magugu ndiyo mabaya zaidi, kwa kuwa konokono hupenda hapo. Saa za mchana, jua likiwa kali, ndipo vijidudu hutoka kwa wingi. Kujikausha haraka kwa taulo kunasaidia kidogo lakini si kinga ya kutegemea.

Pili, maji ya kuogea yachotwe na kuachwa kwenye chombo chenye mfuniko angalau siku nzima, na yakikaa siku mbili ni bora zaidi, kwa kuwa vijidudu hivyo hufa. Ukiwa na haraka, yachemshe. Ya kunywa yachemshwe kila mara, hasa mvua zikianza, maana maji ya kwanza ya mvua huzoa uchafu wote wa kiangazi na kuuingiza ziwani. Kipindupindu hupenda wakati huo.

Tatu, kama mmeshaingia majini msikae na hofu, wala msikimbilie dawa kesho yake. Prazikwanteli huua minyoo iliyokomaa, haiui vizuri michanga. Nendeni kituo cha afya wiki sita hadi nane baadaye mkapime choo na mkojo. Dozi hupimwa kwa uzito, na kwa watoto shuleni hupimwa hata kwa urefu. Apewe akiwa amekula, asipate kichefuchefu. Na kumbukeni kwamba dawa inatibu, haizuii: ukirudi majini kesho unaweza kuambukizwa upya.

Nne, kwenye mtumbwi au boti kila mtu avae jaketi okozi, na la mtoto liwe la saizi ya mtoto. Hatujaisahau MV Bukoba ya Mei 1996, wala MV Nyerere ya Septemba 2018. Kipindi hiki cha kubadilika kwa msimu upepo na radi huweza kuja ghafla. Mvuvi akikuambia leo hatuvuki, usimbembeleze kwa pesa. Tano, pale wenyeji wanaposema pana mamba au viboko, amini bila kudai ushahidi. Na usiku ni chandarua, kwa sababu ukanda wetu bado ni kati ya maeneo yenye malaria nyingi nchini. Kama mna ndugu mwenye ualbino, akae kivulini na avae kofia pana na mikono mirefu, maana maji huakisi jua.

Nirudi kwa swali la yule mtoto, kwa sababu bado sijalimaliza. Sisi tunaweza kukatazwa kwa kuwa siku mbili zikiisha tunaondoka. Wale wenzake ziwa ndilo bafu lao, ndilo bomba lao, ndiyo njia ya baba yao kwenda kazini. Kuwaambia wasiingie majini ni sawa na kuwaambia wasiishi. Wanachohitaji ni vyoo mialoni, maji ya bomba karibu na nyumba, na dawa inayomfikia kila mtu. Kwa miaka mingi dawa imegawiwa zaidi kwa wanafunzi, wakati wavuvi na wachanga waliobebwa mgongoni na mama anayefua wakibaki nyuma. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilielekeza kwamba katika maeneo yenye maambukizi mengi wapewe dawa watu wote kuanzia miaka miwili, wakiwemo watu wazima. Mwaka 2024 liliidhinisha ubora wa dawa mpya kwa watoto wadogo, inayoanzia umri wa miezi mitatu. Mzazi wa mwaloni, siku ya kampeni ikifika, uliza: na huyu mdogo je? Na sisi wageni tuna wajibu mmoja mwepesi: kutafuta choo. Kichaka kando ya maji si choo.

Mvua zikishika, barabara za vumbi zitakuwa tope na kila mtu atashika jembe. Pamba, mahindi na mpunga havisubiri. Kwa hiyo zimebaki wikiendi chache tu. Panga moja. Beba matobolwa, kofia, chandarua na maji ya kunywa. Waketishe wanao mahali penye kivuli, miguu ikiwa mikavu, wamtazame furukombe.

Wiki ijayo tutazungumzia homa za watoto mvua zinapoanza. Muwe na wikiendi njema.