Besi ya mtumba haishiki noti? Usiitupe, pima pegi kwanza

Januari 2026, wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 10 waliingia sekondari pevu, na mmoja wa mikondo mitatu waliyopewa ni Sanaa na Michezo. Poa sana. Lakini jiulize: mwanafunzi wa Kayole au Dandora akichagua muziki, atapiga ala gani, na ikiharibika nani ataitengeneza?

Jibu la mtaani unalijua: ni ya mtumba. Kanisa limenunua gitaa jipya la besi, lile kuukuu linauzwa kwa bei ya kutupa. Ukifika nalo keja ndipo unajua kwa nini lilikuwa rahisi: halishiki noti. Unalikaza, unapiga nyimbo mbili, limelegea. Na anayekulipa hataki hadithi ya gitaa. Wiki ijayo anaita mtu mwingine.

Wengi huamua gitaa limekufa. Mara nyingi kilichochoka ni zile mashine nne za kukazia nyuzi, pegi za kichwani. Kila moja ni mhimili unaozungushwa na gia ndogo, na nyuzi nne za besi zikikazwa huvuta kwa nguvu ya zaidi ya kilo 70. Meno ya gia yakilika, uzi unarudi nyuma.

Usikimbilie kununua. Kaza skrubu zote za pegi kwanza, kisha angalia kama uzi umezungushwa vizuri. Ukizungusha kishikio na kinacheza sana kabla mhimili haujasonga, hapo gia imeisha.

Sasa pima kabla hujatoa chapaa: upana wa tundu la kichwani, nafasi kati ya skrubu, na upande. Besi yenye pegi nne upande mmoja haitumii seti ya besi yenye mbili kila upande. Ukikosea, utaanza kutoboa kichwa kwa drili, na mbao ikipasuka manze umekwisha. Tundu likiwa kubwa kuliko pegi mpya, fundi wa kukereza chuma pale Kariobangi Light Industries anaweza kukutengenezea bushi ya saizi yako. Tundu la skrubu lililolegea hujazwa kwa vijiti vya meno na gundi ya mbao. Legeza nyuzi kabla ya kufungua chochote, na uzi mpya uache kama sentimita 10 kupita pegi ili uzunguke mara mbili au tatu.

Hapa ndipo siasa inaingia. Pegi hizi hutoka ng'ambo. Kwa viwango vya 2025, bidhaa inayoingia nchini hulipiwa ada ya uagizaji ya asilimia 2.5, tozo ya reli ya asilimia 2 na VAT ya asilimia 16, mbali na ushuru wa forodha. Chukua seti ya Sh4,000: ada na tozo ni Sh180, VAT si chini ya Sh640. Hiyo ni Sh820 kabla ushuru wenyewe haujahesabiwa. Serikali inayohubiri Talanta Hela inamtoza kijana anayefufua ala ya zamani kana kwamba ananunua anasa.

Utaambiwa ununue besi mpya ya bei rahisi. Sawa, lakini ala ya bei rahisi huokoa gharama kwenye vyuma, na pegi ni vyuma. Baada ya muda utarudi palepale.

Vipaji tunavyo. Ghetto Classics imefundisha watoto wa Korogocho muziki wa okestra tangu 2008. Mikono ya kufanya kazi na chuma tunayo pia, kutoka Kamukunji hadi Kariobangi. Ila mwanamuziki na fundi hawajakutana. Mkondo wa Sanaa ufundishe kutengeneza ala, si kupiga tu, na kumbi za kaunti kama ule wa Kaloleni ziwe na meza ya fundi. Vipuri vya ala navyo vipunguziwe kodi.

Hayo tuwadai wakubwa. Wewe ukienda kuangalia besi ya mtumba wikendi hii, beba rula na bisibisi. Zungusha pegi zote nne mbele ya muuzaji, halafu ndio muanze kuongea bei.