Ombwe Nalo Huzeeka

Eti breka za ombwe, yaani swichi zinazokata umeme ndani ya chupa isiyo na hewa, kwa kuwa zimezibwa, hazihitaji fundi? Si kweli, na ni hatari. Reli ya kisasa inayofika Makutupora, wilayani Manyoni, imejengwa kutumia umeme wa kilovolti 25, na umeme kama huo hukatwa kwa breka hizi. Breka ya ombwe ikikata mkondo mkubwa, mwali humega ncha zake za shaba na kromu. Grisi ya mitambo hukauka. Ombwe likivuja, jicho halioni. Sharti chupa ipimwe kwa volti kubwa ncha zikiwa zimeachana.

Na umeme huo wa reli ni mkondo geu, ulio rahisi kukatwa kwa kuwa hupita sifuri mara 100 kwa sekunde! Mkondo mnyoofu haupiti sifuri wenyewe. Huzimwa kwa mkondo kinzani wa kapasita, nazo kapasita huchoka. Mnataka kupunguza mafundi? Tuonyesheni kwanza daftari la vipimo.