Karafuu na Undugu wa Mbali

Wako wasemao siku hizi kwamba Zanzibar imepata soko jipya Mashariki ya Mbali. Ya kuwa Rais Joko Widodo wa Indonesia alifika Dar es Salaam mwezi wa Agosti 2023, na Rais Samia Suluhu Hassan, mzaliwa wa Unguja, akaenda Indonesia Januari 2024, hayo ni kweli, tena ni mambo ya heri. Walakini neno hilo "jipya" nalipinga, kwani ndilo litupotezalo.

Soko lile ni la kale. Mkarafuu wenyewe asili yake ni visiwa vya Maluku, ambavyo leo ni sehemu ya Indonesia. Ulifika Unguja mwanzoni mwa karne ya 19 kwa njia ya visiwa vya Wafaransa katika Bahari ya Hindi. Baadaye mizani ikageuka. Watu wa Java walizoea sigara za kreteki, ambazo tumbaku yake huchanganywa na karafuu, na mashamba yao hayakutosha. Basi zao la mti uliotoka kwao likawa linarudi kwao kwa magunia kutoka bandari ya Malindi, hata Indonesia ikawa mnunuzi wetu mkubwa kupita wote. Tukastarehe. Shirika la Biashara la Taifa, ZSTC, lililoanzishwa 1968, lilinunua karafuu kwa mkulima kwa bei iliyo chini mno ya bei ya dunia, na tofauti ikaingia hazina. Wakati huo huo Indonesia ilikuwa ikipanda mikarafuu yake. Haikupanda kwa siri. Mkarafuu huchukua miaka kadhaa kabla ya kuzaa, na yeyote aliyekuwa na macho kule angaliuona ukikua. Kufika miaka ya 1980 wenzetu walikuwa karibu kujitosheleza, bei ikaanguka, na mkulima wa Pemba akabaki na majamvi yake. Hapakuvunjwa mkataba wowote. Undugu uliosifiwa tangu mkutano wa Bandung wa 1955 ulikuwa pale pale.

Watanijibu kwamba sasa twazungumza na jumuiya nzima, ASEAN, iliyoundwa Bangkok 1967, wala si na mnunuzi mmoja. Lakini jumuiya hainunui karafuu! Anunuaye ni tajiri wa Singapore au Surabaya, naye hujua habari za mavuno yetu kuliko sisi tujuavyo habari za ghala lake. Wala mlango kufunguliwa si jahazi kujaa. Tazama Ulaya: Tanzania, ikihesabiwa miongoni mwa nchi maskini kabisa, huingiza bidhaa zake huko bila ushuru, na kwa sababu hiyo Bunge halikukosea lilipoukataa mkataba wa ubia wa uchumi na Umoja wa Ulaya Novemba 2016. Haya, ushuru haupo. Mbona bado twapeleka karafuu kavu vile vile zilivyotoka juani? Kiwanda cha mafuta ya makonyo tunacho Wawi, Chake Chake. Dawa ya meno na manukato hutengenezwa na wengine.

Najua kwamba biashara ya nchi za nje ni jambo la Muungano, na kwamba Zanzibar ilipojiunga peke yake na Jumuiya ya Nchi za Kiislamu, ilibidi ijitoe 1993. Ugomvi huo siufungui hapa. Nisemalo ni kwamba ujumbe wa Jamhuri uendao Jakarta lazima uwe na mtu ajuaye pishi la karafuu, tena asiyekwenda kwa siku tatu za karamu. Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar huwafundisha wageni Kiswahili, nasi twajivuna kwa hilo; yafaa vijana wetu nao wajifunze Kiindonesia, wakakae huko, wasome magazeti ya huko, watembee mashambani. Na kabla ya kutia saini nyingine yoyote, wakubwa watuambie: mwaka huu Sulawesi imepandwa miche mingapi?