Jirani aliyezaliwa Naivasha ametupita katika vikapu

Mnamo Julai 20, 2024, jijini London, timu ya mpira wa vikapu ya Sudan Kusini ilikwenda mapumzikoni ikiwa mbele ya Marekani kwa pointi 14. Ilimbidi LeBron James mwenyewe apenye hadi chini ya kikapu, zikiwa zimesalia sekunde 8 tu, ndipo wababe hao wa dunia wakaponea kwa pointi 101 kwa 100. Ulikuwa mchezo wa kirafiki kabla ya Olimpiki, na Wakenya wengi walioutazama walimshangilia jirani kana kwamba ni ndugu wa tumbo moja.

Walikuwa na haki ya kushangilia. Hata hivyo, shangwe ile ilificha swali ambalo wasimamizi wetu wa michezo hawapendi kuulizwa. Kenya iliandaa mashindano ya mataifa ya Afrika jijini Nairobi mwaka wa 1993 na ikamaliza ya nne. Wakati huo Sudan Kusini haikuwapo hata katika ramani. Imekuwaje leo sisi ndio watazamaji?

Wakazi wa Bonde la Ufa ya kati wana sababu ya ziada ya kulitafakari jambo hili. Taifa la Sudan Kusini lilitungwa mimba hapa kwetu, Naivasha. Ni kando ya ziwa lile ambapo John Garang na Ali Osman Taha walianza kuketi pamoja mnamo Septemba 2003, wakipatanishwa na Jenerali Lazaro Sumbeiywo, wakavuka kutoka itifaki moja hadi nyingine kwa muda wa zaidi ya mwaka mmoja. Mkataba wenyewe ulitiwa saini Nairobi mnamo Januari 9, 2005, bendera ikapandishwa Juba Julai 9, 2011. Hata katika kikosi cha vikapu mkono wa Kenya u humo: Bul Kuol, mmoja wa walenga shabaha wa timu hiyo, alizaliwa katika kambi ya Kakuma. Kwa hiyo aliyetupita ni mtoto tuliyempakata.

Ametupitaje basi? Wengi watajibu kwamba Wasudan Kusini ni warefu. Jibu hilo ni la kivivu. Wamekuwa warefu tangu zama za kale, na urefu huo haukuwafikisha popote hadi mwaka wa 2021, alipokuja mtu mmoja ambaye hakuwa mrefu kupita kiasi wala hakuwahi kuwa nyota.

Royal Ivey alizaliwa New York mwaka wa 1981. Alisomea Chuo Kikuu cha Texas, akateuliwa na Atlanta mwaka wa 2004 akiwa wa 37 katika orodha ya mwaka huo, kisha akahamahama: Milwaukee, Philadelphia, Oklahoma City. Alidumu katika NBA kwa takriban miaka kumi, na katika muda huo wote wastani wake haukufika hata pointi 4 kwa mchezo. Kwa vipimo vya mashabiki, huyo ni mchezaji wa kusahaulika. Kazi yake ilikuwa ni ulinzi, na zaidi ya ulinzi ilikuwa ni kukaa benchi.

Lakini hebu tutazame benchi hilo kwa jicho jingine. Mchezaji asiye na kipaji cha kutisha hawezi kubaki katika ligi ile kwa miaka kumi kwa bahati. Anabaki kwa sababu ameyajua mambo ambayo nyota hawahitaji kuyajua: mpinzani anapenda kugeukia mkono upi, mwenzake amechoka lini, mwalimu atataka nini kabla hajasema. Nyota anaambiwa atupe mpira. Wa benchi anaambiwa aelewe. Huko Oklahoma City, Ivey alikaa karibu na Kevin Durant alipokuwa anachanua; miaka kadhaa baadaye alikutana naye tena Brooklyn, safari hii yeye akiwa kocha msaidizi.

Wala hakurukia kazi hiyo. Alipoacha kucheza mwaka wa 2014 alianzia ngazi ya chini kabisa, katika timu ndogo ya Oklahoma City inayolea wachezaji chipukizi, akiwa msaidizi. Ndipo akapanda: Oklahoma City yenyewe, New York, Brooklyn, kisha Houston. Alipokabidhiwa Sudan Kusini alikuwa amekwisha kutumikia uanagenzi wa miaka saba. Nalisisitiza hilo kwa kuwa kwetu mchezaji mstaafu ama anapewa timu nzima siku anapovua jezi, ama hapewi chochote kamwe.

Aliyemwita alikuwa Luol Deng, mzaliwa wa Wau, aliyekimbilia Misri na familia yake, akakulia London, kisha akawa nguzo ya Chicago Bulls na kuteuliwa mara mbili katika kikosi cha nyota wa ligi. Wawili hawa walifahamiana tangu ujana, kwani wote walipitia shule ya Blair Academy katika jimbo la New Jersey. Deng alichukua urais wa shirikisho la vikapu la Sudan Kusini mwaka wa 2019 na kwa muda mrefu akaligharimia kwa fedha zake mwenyewe. Mwanzoni aliifunza timu yeye binafsi. Ilikuja Nairobi mapema mwaka wa 2020 kwa mchujo wa awali, na Kenya ikaishinda.

Hapa ndipo nampa Deng heko zangu zote. Mtu wa hadhi yake, mwenye jina, mali na cheo, angeweza kuendelea kushikilia timu na kuwalaumu wachezaji. Badala yake alibaki katika utawala, akamkabidhi ukocha mwenzake aliyemzidi kwa ujuzi wa kazi hiyo ingawa alimpita mbali kwa umaarufu. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Yaliyofuata yanajulikana. Katika mashindano ya Afrika ya Kigali mwaka wa 2021 Sudan Kusini ilitutoa kwa tofauti ya pointi 2. Ilifuzu kwa Kombe la Dunia la 2023, na huko Manila ikaizima China, ikawashinda wenyeji Ufilipino, kisha ikaibwaga Angola kwa pointi 101 kwa 78 na kutwaa nafasi pekee ya moja kwa moja ya Afrika katika Olimpiki. Jijini Lille, Julai 28, 2024, waandaaji walipiga wimbo wa taifa wa nchi nyingine, Sudan, kabla ya mchezo. Vijana wakasimama wima hadi kosa liliporekebishwa, kisha wakaishinda Puerto Rico 90 kwa 79.

Sasa turudi nyumbani. Februari 2021, jijini Yaoundé, Kenya ilifanya jambo ambalo halikutarajiwa: iliishinda Angola, mabingwa wa Afrika mara 11 wakati huo, 74 kwa 73, kwa mpira wa Tylor Ongwae uliotupwa muda ukiyoyoma. Tulirudi katika mashindano ya Afrika baada ya miaka 28. Kocha alikuwa Liz Mills kutoka Australia, mwanamke wa kwanza kuiongoza timu ya wanaume katika mashindano hayo. Huko Kigali tuliishinda Mali. Mashindano yakaisha, kocha akaenda zake, na kufikia machipuko ya 2022 alikuwa akiifunza klabu ya Salé ya Morocco. Mwaka wa 2025 mashindano ya Afrika yalipofanyika Angola, Uganda ilikuwako, Rwanda ilikuwako, Sudan Kusini ilikuwako. Kenya haikuwako.

Tofauti si kocha mmoja. Tofauti ni kwamba wao walimweka mtu, wakamwacha ajenge juu ya alichojenga jana, nasi tulibomoa jengo likiwa bado na unyevu.

Ajabu ni kwamba Bonde la Ufa linaujua ufundi huu vizuri kuliko pengine popote duniani. Patrick Sang alishinda fedha ya kuruka viunzi na maji katika Olimpiki ya Barcelona mwaka wa 1992, akastaafu, akawa mwalimu, na kutoka kambi ya Kaptagat akamlea Eliud Kipchoge hadi dhahabu mbili za Olimpiki katika marathoni. Naye Sang alisomea Chuo Kikuu cha Texas, kilekile alichokuja kusomea Ivey miaka ya baadaye. Katika riadha, basi, mjuzi anapoacha kukimbia ujuzi wake hauendi kaburini. Unapata kambi na wanafunzi, na aghalabu mtu wa kuulipia. Katika vikapu hakuna anayeulipia.

Ni haki nikubali upande wa pili wa hoja. Wengi wa vijana wale waliolelewa kimchezo Australia, Marekani na kwingineko walikwisha kufunzwa kabla ya Ivey kuwaona. Wakati timu ikienda Paris, nchi yenyewe haikuwa na uwanja hata mmoja wa ndani wa vikapu. Shirikisho linalotegemea mfuko wa mtu mmoja liko hatarini siku mtu huyo akichoka. Na hakuna pointi za kikapu zinazoweza kufuta njaa na vita vilivyowakumba wananchi wa kule. Yote hayo ni kweli. Lakini yanatuaibisha zaidi, maana sisi tuna viwanja, tuna ligi, tuna amani kiasi, na bado tunawatazama.

Nchini Kenya, Katiba ya 2010 iliweka michezo na viwanja vyake miongoni mwa majukumu ya kaunti. Nakuru ilipandishwa hadhi kuwa jiji Desemba 2021. Ndani ya kaunti hii mna vyuo vikuu vya Egerton na Kabarak na shule za upili zisizohesabika haraka, ambako mvulana au msichana hucheza kwa miaka minne juu ya saruji, chini ya chuma kisicho na wavu, akifunzwa na mwalimu wa somo jingine anayejitolea baada ya saa za kazi. Kijana huyo akifika ligi ya taifa na kurudi nyumbani akiwa na umri wa miaka 33, hakuna ofisi inayomngoja. Atauza mitumba au ataendesha bodaboda, naye anajua mambo ambayo yangemfaa kila mtoto wa mtaa wake.

Kumlipia mtu huyo mafunzo ya ukocha na mshahara wa mwalimu wa kawaida hakugharimu hata sehemu ndogo ya jukwaa moja la saruji. Jukwaa, hata hivyo, huzinduliwa kwa utepe na hotuba, na kocha msaidizi hazinduliwi. Kila mwaka kabla ya Juni kaunti huwaita wananchi watoe maoni kuhusu bajeti. Kikao kijacho kitakapoitishwa Nakuru, Naivasha au Molo, mzazi yeyote anaweza kusimama na kuuliza: katika fedha za michezo, ni kiasi gani ni cha kujenga, na ni kiasi gani ni cha kumlipa mtu wa kufundisha?