Ndugu ni Kufaana

Wahenga walisema, ndugu ni kufaana, si kufanana. Maana ya mithali hiyo yaonekana wazi katika maisha ya Élisabeth, binti wa ukoo wa wafalme wa Ufaransa, ambaye hakupata kutawala hata siku moja.

Élisabeth alizaliwa katika jumba la Versailles tarehe 3 Mei, 1764. Baba yake, mrithi wa kiti cha enzi, alifariki mwaka 1765, na mama yake akamfuata mwaka 1767. Basi mtoto akawa yatima kabla hajatimiza miaka mitatu. Mwaka 1774 kaka yake mkubwa akawa Mfalme Louis wa 16, naye alimpenda sana umbu lake huyo.

Mwaka 1783 Mfalme alimpa nyumba na shamba huko Montreuil, karibu na Versailles. Élisabeth akafuga ng'ombe, na maziwa yao akawagawia watoto wa maskini. Alimleta mchungaji mmoja, jina lake Jacques, kutoka Uswisi, nchi yenye sifa ya ufugaji. Lakini Jacques akawa mnyonge, haonyeshi furaha ya kazi. Élisabeth alipopata habari kwamba anamwazia mchumba wake aliyemwacha kwao, akamwita msichana huyo aje, akawaoza.

Mapinduzi yalipozuka mwaka 1789, jamaa wengi wa Mfalme walikimbilia nchi za nje. Mdogo wa kaka zake aliondoka mwezi wa Julai mwaka huo huo; shangazi zake wawili wakaenda Italia mwaka 1791. Élisabeth angaliweza kufuatana nao, lakini hakukubali kumwacha kaka yake hatarini. Mwezi wa Juni, 1791, Mfalme mwenyewe alijaribu kutoroka pamoja na jamaa yake, wakakamatwa Varennes. Kaka yao mwingine, aliyeshika njia nyingine usiku ule ule, aliokoka.

Tarehe 20 Juni, 1792, umati wa watu wenye silaha uliingia katika jumba la Mfalme mjini Paris. Baadhi yao walimdhania Élisabeth kuwa ndiye Malkia Marie Antoinette, wifi yake. Yasemekana kwamba aliwasihi waliokuwa karibu naye wasiwatoe katika kosa hilo, ili Malkia apate kusalimika.

Mwezi wa Agosti wote walifungwa katika mnara wa Temple. Mfalme aliuawa Januari 1793, na Malkia Oktoba. Kabla ya kufa Malkia alimwandikia wifi yake barua, akimkabidhi watoto wake. Barua hiyo haikumfikia kamwe. Lakini kazi iliyoandikwa humo alikuwa ameishika tayari, akimtunza binti wa kaka yake, Marie-Thérèse, mle kifungoni.

Tarehe 10 Mei, 1794, juma moja baada ya kutimiza miaka 30, Élisabeth alikatwa kichwa pamoja na watu zaidi ya 20. Yeye aliwekwa wa mwisho, akawa akiwatia moyo waliomtangulia.

Kaka zake wawili waliokimbia walirudi, wakatawala mmoja baada ya mwingine, Louis wa 18 na Charles wa 10. Hakuna awezaye kuwalaumu kwa kuokoa roho zao. Lakini Marie-Thérèse, aliyefunguliwa Desemba 1795, alipoandika habari za kifungo chao, aliyemtaja kuwa mama yake wa pili ni shangazi yake aliyebaki.