Orodha ya Makatazo Haimtakasi Mtu

Kuna kauli inayorudiwa kwenye vikao vya wazee wa kanisa, kwenye semina za vijana na hata mimbarani: ukiwahubiria watu neema sana, watajiachia. Kwa hiyo neema inahubiriwa siku mtu anapookoka, na kesho yake anakabidhiwa orodha: suruali, hereni, nywele za bandia, rangi ya mdomo, nani umsalimie na nani usikae naye. Wengi wanaoisema kauli hii ni watu wema wanaolihangaikia kanisa. Lakini kauli yenyewe si kweli, na imewaumiza wengi mno hata hatuwezi kuendelea kuinyamazia.

Tazameni inavyofanya kazi. Binti wa kwaya anapata mimba. Anatengwa: hashiriki Meza ya Bwana, haimbi, anakaa viti vya nyuma mpaka siku atakaposimamishwa mbele ya usharika akiri. Kijana aliyempa mimba, kama hakutajwa, anaendelea kupiga kinanda. Dhambi waliifanya wawili, adhabu imemwangukia yule ambaye tumbo lake linaonekana. Mabinti wenzake wanaotazama hawajifunzi usafi wa moyo hapo. Wanajifunza kwamba kosa kubwa ni kujulikana. Wapo wanaokwenda kutoa mimba kwa siri, wakihatarisha maisha yao, ili Jumapili waonekane wamevaa joho kama kawaida. Kanisa linalohubiri dhidi ya utoaji mimba lijiulize lenyewe limewasukumaje huko.

Na si mabinti peke yao. Kuna mume na mke walioishi pamoja hadi wakapata wajukuu, lakini hawagusi mkate na divai kwa sababu mahari haikuisha na ndoa haikufungwa kanisani. Kuna maiti inayosubiri mazishi huku wazee wakikagua kadi ya ahadi waone kama marehemu alikuwa mlipaji mzuri. Hili la mwisho linanikera kuliko yote. Mtu amekufa, wafiwa wanalia, nasi tunapekua risiti.

Mtume Paulo aliijua hoja ya kwamba makatazo yanalinda utakatifu, akaijibu. Katika Wakolosai 2 anazitaja amri za usishike, usionje, usiguse, akasema zinaonekana kuwa na hekima lakini hazina nguvu yoyote ya kuzuia tamaa za mwili. Tuisome vizuri hiyo sura. Paulo hakusema kwamba makatazo ni mazuri ila yamezidi kidogo. Alisema hayafanyi kazi ile tunayodhani yanaifanya. Katika Tito 2 akaonyesha kinachofanya kazi hiyo: neema ndiyo inayomfundisha mtu kuukataa uovu. Sisi tumegeuza. Mwalimu tumemwona mharibifu, tukaikabidhi orodha darasa.

Zakayo mtoza ushuru ndiye mfano ulio wazi. Torati, katika Hesabu 5, ilimtaka mdhulumu anayekiri arudishe alichochukua na kuongeza sehemu ya tano yake. Yesu hakumtajia Zakayo sharti hilo. Alimwita ashuke mtini, akaenda kukaa kwake, na watu wakanung'unika kwamba ameingia kwa mwenye dhambi. Baada ya hapo Zakayo akasimama mwenyewe, akatoa nusu ya mali yake kwa maskini na kuahidi kurudisha mara nne. Neema ilimfikisha mtu huyu mbali kuliko sheria ilivyodai. Kama hofu yetu ingekuwa sahihi, angemkaribisha Yesu mezani, kisha kesho yake arudi kituoni kudhulumu.

Nasi hapa Afrika Mashariki tunao ushahidi wetu. Uamsho uliowaka Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ukasambaa Uganda, Burundi, Buhaya na Kenya, ulihubiri msalaba na damu ya Yesu kwa Wakristo waliokuwa wamebatizwa zamani na kuchoka. Kilichofuata ni watu kurudisha vitu walivyoiba, kulipa madeni yaliyosahaulika, kuombana msamaha, Mwafrika na mmisionari Mzungu wakiungamiana uso kwa uso. Wakati wa vita vya Mau Mau huko Kenya, miaka ya 1950, wengi wa ndugu hao walikataa kula kiapo na wakakataa pia kushika bunduki za serikali ya kikoloni, na baadhi yao waliuawa kwa msimamo huo. Je, hao ndio watu waliojiachia?

Lakini uamsho huohuo ulionja sumu tunayoizungumzia. Uganda, kundi la Abazukufu lililoongozwa na Yona Mondo liliona ndugu wamepoa, likaweka mipaka mipya ya wokovu, ukiwemo ukali dhidi ya kukopa fedha. Deni linaweza kumfunga mtu, hilo nalikubali. Ila lilipogeuzwa kipimo cha nani ameokoka kweli, ndugu waliokuwa wakiimba pamoja wimbo wa uamsho, Tukutendereza, walitengana. Nia ilikuwa kuwasha moto upya. Matokeo yalikuwa mgawanyiko.

Najua nitakachojibiwa: hata Paulo aliamuru mtu atengwe Korintho. Ni kweli, na simwombei radhi. Mtu yule alikuwa akiishi na mke wa baba yake, na usharika ulikuwa ukijivuna badala ya kuhuzunika. Lakini katika waraka wa pili kwa kanisa hilohilo Paulo anasihi kwamba mtu aliyekwisha kuadhibiwa asamehewe na kufarijiwa, asije akamezwa na huzuni. Nidhamu ya Paulo ilimlenga asiyetaka kutubu, na ikaisha alipotubu. Ya kwetu mara nyingi inaanzia pale mtu anapokiri. Binti amelia, ametubu, na bado tunamhesabia miezi.

Wengine watanitajia Dietrich Bonhoeffer, mchungaji wa Kijerumani aliyeonya mwaka 1937 juu ya neema iliyorahisishwa. Namheshimu, Wanazi walimnyonga mwaka 1945. Lakini alichokishambulia ni msamaha usiomfuata Kristo, na yeye alimfuata mpaka kwenye kitanzi. Hakuomba tupewe vipimo vya urefu wa sketi. Orodha ndiyo njia rahisi, kwa sababu mtu anaweza kuitimiza yote akiwa na chuki moyoni, akimdhulumu mfanyakazi wake wa ndani, na bado akapewa kiti cha mbele.

Wachungaji wetu na wazee wetu, sharika nyingi zina daftari lenye majina ya waliotengwa. Kikao kijacho msianze na bajeti wala ujenzi. Lifungueni daftari hilo, msome jina moja moja, mgawane nyumba za kutembelea wiki hiyohiyo. Mkifika, msiwaulize watarudi lini kukiri. Waombeni radhi pale mlipowakosea, muombe nao, na Jumapili inayofuata wakaribisheni Mezani.